Akiba ndani ya joho la asiyezeeka

Saa tisa alasiri, Ijumaa, jua linaingia kwa ubavu katika chumba cha mafundi, ghorofa ya pili, linatambaa juu ya meza ya kukatia na kujilaza kwenye gauni la buluu lililogeuzwa ndani nje. Vumbi la nyuzi linaelea katika mwanga huo bila haraka, kana kwamba halijaamua litue wapi. Fundi ameinama. Mkono wa kushoto umelaza mshono wa ubavuni, wa kulia umeshika mkasi.

Anautazama mshono. Kisha anaweka mkasi chini.

“Bado?” anauliza mwanamke wa meza ya pili, bila kuinua macho kwenye tundu la kifungo analolizungushia uzi.

“Bado.”

“Tangu asubuhi huo mkasi unaunyanyua na kuulaza kama mtoto mchanga. Una nini, homa?”

“Una meno.”

“Na usio na meno ungekuwa wa nini?” Anakata uzi kwa meno yake mwenyewe, kisha anacheka peke yake.

Mwanamke huyo wanamwita Mama Vifungo, kwa sababu kazi yake ni vifungo na matundu yake. Fundi wanamwita Akiba, na wateja wengi hawajui kama ana jina jingine. Ameshinda katika chumba hiki miaka kumi na minne, cherehani yake ikiwa karibu na dirisha, pasi yake ikihema pembeni.

Jina hilo limetokana na mkono wake. Akikushonea suruali, ndani ya mshono wa nyuma anakuachia kitambaa cha vidole viwili. Akikushonea gauni, kila ubavu una ziada iliyokunjwa na kulazwa kwa pasi, haivimbi wala haionekani. Mafundi wengine huikata ili kazi iwe nyepesi. Yeye huiacha.

“Mwili wa binadamu ni mgeni,” anasema, kwa sauti ya chini ambayo humlazimu msikilizaji kusogea. “Leo umefika hivi, kesho hujui utakujaje. Mgeni muandalie nafasi.”

Juu ya cherehani kuna kibao kidogo, zawadi ya mteja aliyenenepa mara mbili na gauni lile lile. Kimeandikwa: Akiba haiozi.

Gauni la leo ni la mke wake. Mwaka juzi aliugua, akalazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena, na katika safari hizo akapungua kilo kumi na tisa. Mara tatu fundi amelipunguza gauni hilo, na mara zote tatu hakukata hata uzi wa ziada. Alikunja tu ndani. Sasa kila ubavu umebeba kunjo nene kama kurasa za kitabu.

Jumatatu mke huyo anarudi kazini, kwenye dirisha la stempu katika ofisi ya posta, baada ya kukaa nyumbani muda mrefu. Ametoa ombi moja: likate gauni, linikae.

Ombi hilo ni dogo, na fundi hajaweza kulitimiza.

*

Watu wa jengo hili wanajua kwamba Akiba ana kazi nyingine, isiyomletea hata senti. Huandika hadithi za maelfi.

Elfi, kwa asiyemjua, ni kiumbe wa hadithini. Ana umbo la binadamu, masikio yaliyochongoka kama ncha ya jani, na umri usio na mwisho. Hufa kwa upanga au kwa huzuni. Kwa uzee hafi.

Fundi huwaandika kwenye simu iliyoegemezwa kibweta cha nyuzi, kwa kidole gumba kimoja, kazi zinapopungua. Na huwa zinapungua. Siku njema huleta suruali tano za kufupishwa. Siku mbaya huleta mtu mmoja anayeulizia choo kiko wapi.

“Wengine kazi ikikosekana huenda kucheza karata,” anasema Mama Vifungo. “Huyu wangu huenda msituni. Anakaa hapo hapo kwenye kiti, lakini ukimtazama macho, hayupo. Mteja akija nampiga kwa kifungo arudi.”

Njia ya kwenda msituni ilianzia wodini. Binti yao mkubwa, anayesoma chuo mji mwingine, alipokuja kumwona mama yake aliacha kitabu kinene cha hadithi za kubuni, jalada limebanduka, ili wagonjwa wajiliwaze. Kila alasiri, saa ya kutazama wagonjwa, fundi alivuta kiti na kusoma kwa sauti. Hakuwa msomaji. Shule aliiacha mapema, na kusoma kwa ufasaha alijifunza kwa maandishi ya majarida ya mitindo. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari kama anayefuata chaki kwenye kitambaa.

Wodi ilimzoea. Kuna siku mzee wa kike wa kitanda cha tatu alipaza sauti: “Baba, ongeza sauti, huku kwetu malkia hajafika!”

Malkia huyo wa maelfi alikuwa akishuka ngazi za jumba lake. Mke wa fundi, aliyekuwa amefumba macho, akayafumbua.

“Na huyo aliyeshika joho?”

“Yupi?”

“Hapo nyuma. Umesoma kwamba joho lake lilishikwa lisiguse ngazi. Kuna mtu amelishika. Amesimama hapo tangu lini? Ameoa? Na la kwake anashonewa na nani?”

Fundi alirudi nyuma, akatafuta. Kulikuwa na sentensi moja tu, kitabu kizima.

“Sijui, bibie. Kitabu hakisemi.”

“Basi wewe kesho uje useme.”

Kesho yake alikuja na jibu. Mshika Joho, alisema, hushona mwenyewe, kwa uzi wa buibui wa asubuhi, kabla umande haujakauka. Na ameoa. Mke wake ni binadamu, mlinzi wa daraja la miti mpakani mwa msitu. Keshokutwa akaja na kipande kingine. Mkewe akawa anakula vijiko viwili zaidi vya uji ili asilale kabla hakijafika.

Binti ndiye aliyemwambia kwamba kuna watu wengine wafanyao hivyo. Wapo kwenye kikundi cha simu, wasomaji wa kitabu kile kile, kila mmoja akiandika yale ambayo kitabu hakikusema. Kuna dereva wa gari la taka. Kuna msichana anayesomea uuguzi. Kuna mpishi wa hoteli ambaye maelfi wake wote wana njaa. Anayeshika hatamu ni mwalimu wa jiografia ambaye kila mtu humwita Katibu.

Ndani ya kikundi kuna ubishi usiokwisha, na wenyewe hawataki uishe. Upande mmoja unajiita Wa Mbali. Hao husema elfi lazima awe mgeni kwetu: asilale bali asimame macho wazi kama mti, asijue jasho, akicheka, ndege wanyamaze. Upande wa pili ni Wa Karibu. Kwao elfi ni mtu kama watu, aliyepewa tu miaka mingi ya kufanyia makosa yale yale.

“Elfi akipata mafua na kugombania nani aoshe vyombo, huyo si elfi,” anasema dereva, katika ujumbe wa sauti ambao fundi anaurudia ili usikike vizuri. Nyuma yake injini inanguruma. “Huyo ni jirani yangu kavaa masikio ya karatasi.”

“Na wewe wako ni jiwe,” anajibu mwanafunzi wa uuguzi. “Nani atalilia jiwe, kaka?”

Akiba hakuwahi kuchagua upande. Ni mtu asiyependa kuhukumu upesi. Hata kitambaa hukigusa pande zote mbili kabla ya kusema kipi ndicho cha juu.

“Mimi naangalia nguo,” anasema. “Nionyeshe elfi kavaa nini, imechakaa wapi, nani kaitia kiraka. Hapo nitakwambia kama ni mtu au si mtu.”

Kwa hiyo maelfi wake wana viwiko. Wana mikono ya mashati inayofifia upande wa dirisha. Wana kitu kingine pia, ambacho alikiazima kwa Wa Mbali: kumbukumbu isiyochuja. Sentensi yake iliyopendwa kuliko zote inasema hivi: “Kwa elfi jana haifi; kila alipomtazama mkewe, alimwona vile vile alivyomwona siku ya kwanza, pale darajani.”

Kikundi kilipoisoma, mioyo myekundu ilishuka kwenye simu kama mvua ya masika. Mpishi aliandika kwamba ameacha vitunguu viungue.

Mke wake alisomewa kabla yao, kama kawaida. Alisema, “Nzuri,” kisha akaomba maji. Fundi akaenda kuyaleta. Hakuona zaidi ya hapo.

*

Mwezi uliopita kikundi kilianza hadithi ya pamoja. Kila mwandishi anashika sura moja, Katibu anaisoma kwa sauti na kuirekodi, wote wanasikiliza. Sura ya katikati na sura ya mwisho alipewa fundi, kwa kuwa mhusika ni wake: Mshika Joho.

Hapo katikati ndipo alipoteleza, na aliteleza kama fundi. Mvua inamnyeshea Mshika Joho njiani. Anavua joho lake mwenyewe, analigeuza ndani nje, analikamua. Na mwandishi, kwa mazoea ya mkono, akaandika: “Kila ubavu ukaonyesha akiba yake, vidole viwili.”

Dereva hakuliacha lipite.

“Samahani, Fundi. Elfi hanenepi, hakondi, hazeeki. Akiba ya nini?”

Kikundi kizima kikapasuka kwa vicheko. Hata Wa Karibu walikosa la kumtetea. Nguo ya mtu asiyebadilika haina haja ya nafasi.

“Niliona haya,” anakiri Akiba. “Ni kama kumshonea samaki mwavuli.”

Katibu hakucheka sana. Alimtumia ujumbe wa sauti peke yake, kwa upole wa mwalimu anayejua kwamba darasa zima limeshatoka.

“Fundi wangu, usijisikie vibaya. Lakini sura imeshasomwa, watu wameshaisikia hiyo akiba. Jumapili ni zamu yako ya mwisho. Ama utuambie ni ya nini, ama uniruhusu niifute, na mwenzako mmoja amalizie. Chagua kwa raha zako. Mimi, kusema kweli, joho hilo limenitoa usingizi.”

Kwa hiyo juma hili fundi ana nguo mbili mkononi. Moja ipo mezani, nyingine haipo popote. Na kwa zote mbili anaulizwa swali lile lile.

*

Ili kuelewa mkasi unaonyanyuliwa na kulazwa, ni lazima kurudi nyuma siku moja, nyumbani kwao, alasiri ya Alhamisi.

Ni chumba na sebule, ukutani picha ya binti akiwa na sare ya shule, dirishani pazia lililoshonwa kwa mabaki ya mapazia ya watu wengine. Mke wa fundi alisimama mbele ya kioo cha kabati akiwa na gauni la buluu. Ni mwanamke mwembamba mwenye sauti iliyo nene kuliko mwili wake, sauti ya mtu aliyezoea kuita namba za foleni.

“Linakukaa,” alisema fundi.

“Linanikaa kama mzigo.” Aliingiza kidole kwenye mshono wa ubavuni. “Njoo ushike hapa. Hii ni nini?”

“Akiba.”

“Inanichubua. Nikikaa inanichoma, nikigeuka inanisukuma. Nitakaa dirishani kutwa nzima na watu wataniona najikuna kama nina viroboto. Kata.”

“Nikikata, ukirudisha mwili hatutakuwa na cha kuachia.”

“Nikirudisha.”

“Utarudisha, bibie. Daktari amesema.”

“Daktari amesema nitaishi. Hakusema nitarudi kuwa yule.” Aliketi kitandani, taratibu. “Wewe unajua gauni hili lina watu wangapi? Wawili. Mimi, na yule mwanamke unayemngoja. Yeye ndiye anayenibana mbavu.”

“Simngoji mtu.”

“Humngoji? Mpaka kitambaa umemwekea!”

Fundi aliinama kuunyoosha upindo. Ndipo mkewe akasema jambo lililomfuata mpaka kazini, likakaa naye mezani Ijumaa nzima.

“Ile sentensi yako waliyoipenda. Ya elfi anayemwona mkewe kama siku ya kwanza. Nilisema nzuri, na kwa kuisoma ni nzuri. Lakini mimi nilimwonea huruma huyo mke. Anaamka, mgongo unauma, nywele zimempukutika, anataka mtu amwone. Na mume anamwangalia msichana wa darajani.”

Kisha akavua gauni, akalikunja vizuri, akamkabidhi. “Kata, au niende na la kununua.”

*

Jumamosi, muda mfupi baada ya adhuhuri, nyayo zinasikika kwenye ngazi za jengo. Zinapanda, zinatulia, zinapanda tena. Mama Vifungo anainua kichwa.

“Mguu huo naujua,” anasema.

Mke wa fundi anatokea mlangoni, mkono kwenye fremu, jasho jembamba juu ya mdomo. Hajazipanda ngazi hizi tangu augue.

“Karibu, mke mwenzangu!” Mama Vifungo anaruka na kumpa kiti. “Nimekutunzia mume. Mtundu, lakini hajaharibika.”

“Ahsante, dada. Ningejua unamtunza, ningekuachia kabisa.”

Wanacheka wote wawili. Fundi hacheki. Amesimama na mkasi.

“Nimekuja kulichukua,” anasema mkewe. “Vyovyote lilivyo.”

Gauni liko vile lilivyokuwa jana. Fundi anamtazama mke wake aliyekaa kwenye kiti cha wateja, mwanga wa dirisha ukimpiga begani. Chini barabarani mtu anaburuta kitu cha chuma. Mvuke wa pasi unapanda, unapita mbele ya uso wa mwanamke, unatoweka.

“Simama nikupime,” anasema fundi.

“Unipime? Vipimo vyangu si unavijua?”

Hapo ndipo fundi anapoduwaa. Ni kweli, anavijua. Amevijua tangu walipooana: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mgongo. Mara zote tatu alipolipunguza gauni hakuwahi kumzungushia tepu. Alichukua vipimo vya zamani kichwani, akakadiria kwa macho, akapunguza. Mteja yeyote wa mtaani, hata wa kufupishiwa kaptula, humpima kwanza. Mkewe hakumpima.

“Vile ni vya jana,” anasema.

Anachukua tepu. Mkewe anasimama, anainua mikono kidogo kama ndege anayefikiria kuruka. Tepu inamzunguka.

“Baridi hiyo!” anapiga kelele.

“Tulia, mteja.”

“Mteja! Sikia, dada, nimeshakuwa mteja.”

“Mdai punguzo,” anasema Mama Vifungo.

Fundi anasoma namba kwa sauti, moja moja, naye Mama Vifungo anaziandika kwa chaki pembeni mwa meza. Kifua. Kiuno. Nyonga. Kiuno ni chembamba kuliko alivyodhani. Nyonga ni pana kuliko alivyodhani. Bega la kulia limejikunja mbele kidogo, kwa sababu ya upande aliokuwa akilalia wodini. Hayo yote hayakuwa kichwani mwake. Anapima polepole, kama anavyosoma.

Anapomaliza, mkewe anamnyang’anya tepu.

“Zamu yako.”

“Ya nini? Mimi sina nguo ya kushona.”

“Simama, mteja.”

Anamzungushia kifuani, vibaya, tepu imepinda. Mama Vifungo anakuja kuinyoosha. Wanaisoma pamoja, wanatazamana, wanaisoma tena, kisha Mama Vifungo anaandika namba chini ya zile za kwanza.

“Shati hili ulijishonea lini?” anauliza mkewe.

“Kabla hujaugua.”

“Ndiyo maana linapepea kama bendera. Umekwisha, mume wangu. Hebu ona, na bega la kushoto limeshuka. Ni lile ulilokuwa unabebea kikapu cha hospitali.” Anaweka kiganja kwenye bega hilo na kukiacha hapo. “Na hakuna aliyekupima.”

Fundi anabaki amesimama, mikono imeinuka kidogo pande zote. Aliyekuwapo angeweza kudhani anasikiliza kitu cha mbali sana, upepo ndani ya majani labda. Mama Vifungo, aliyezoea kumrusha kifungo, safari hii hamrushii.

Kisha anachukua mkasi.

Anafumua kunjo la kwanza, la pili, la tatu. Anapiga bandi kwa nyuzi kubwa za kushikiza tu, mkewe anajaribu, anageuka, anakaa, anasimama. Halafu fundi anakata. Mkasi unapita kwenye buluu kwa sauti ndogo, kama mtu anayetembea kwenye majani makavu. Vipande viwili virefu vinaanguka mezani. Upande uliokuwa ndani haukuwahi kuona jua. Rangi yake ni ya siku kitambaa cha gauni kiliponunuliwa, buluu ya kuumiza macho.

“Lete hapa,” anasema Mama Vifungo, ameshavinyakua. “Vinatosha kuvika vifungo kumi, na ziada. Kitu kama hiki hakitupwi.”

Mkewe anashuka ngazi na gauni likiwa mwilini. Anashuka polepole, lakini hatulii katikati.

*

Jumapili alasiri Katibu anasoma sura ya mwisho. Fundi na mkewe wanaisikiliza sebuleni, simu ikiwa imelazwa juu ya sahani tupu ili sauti iwe kubwa. Pazia la mabaki linavimba na kunywea.

Katika sura hiyo, mlinzi wa daraja amezeeka. Mshika Joho anamshonea gauni jipya, na linambana, kama yote yaliyotangulia, kwa kuwa anamshonea msichana wa siku ya kwanza. Mke anachukua kamba ya daraja. Anamwambia mumewe ampime, na elfi, kwa mara ya kwanza tangu dunia iwe na miti, anajifunza kutazama leo. Kisha mke anaichukua kamba ile na kumpima yeye.

“Usijisumbue,” anasema elfi. “Sisi hatubadiliki.”

“Nani kawaambia?”

“Imejulikana hivyo siku zote.”

“Kuna aliyewapima?”

Anampima. Elfi amepungua kidole kimoja begani, upande alioegemea mke wake miaka yote ya kuvuka mto. Ndipo anapoelewa mkono wake ulikuwa ukijua nini ulipoacha akiba ndani ya joho, hata kabla kichwa hakijajua: kwamba naye hubadilika.

Rekodi inakwisha. Halafu ujumbe wa dereva unaingia, injini imezimwa.

“Nimeegesha pembeni,” anasema. “Mimi bado ni Wa Mbali, msinifurahie. Elfi ni elfi. Lakini kidole kimoja... kidole kimoja nakubali.”

“Kidole kimoja kwa miaka elfu!” anadakia mwanafunzi wa uuguzi. “Mchoyo wewe.”

Ubishi unawaka upya, na Katibu anauacha uwake. Mwishoni anaandika maneno mawili tu: Joho limepita.

Mke wa fundi ameegemea ukuta, macho ameyafumba kama wodini. “Nzuri,” anasema. Safari hii haombi maji.

*

Jumatatu asubuhi dirisha la stempu linafunguliwa, na nyuma yake ameketi mwanamke mwenye gauni la buluu lisilo na kunjo hata moja. Foleni ni fupi. Mteja wa kwanza anamwambia amependeza; anamjibu kwamba stempu ni zile zile. Hajikuni.

Kule katika chumba cha mafundi, Akiba amefungua mshono wa shati lake la zamani na kulipunguza kwa vipimo vilivyoandikwa kwa chaki pembeni mwa meza. Kibao bado kipo ukutani. Hajaacha tabia yake, na hana mpango wa kuiacha, ila ameongeza sharti: kila mwaka, mwezi huu huu, yeye na mkewe watapanda ngazi na kupimana, iwe kuna nguo ya kushona au haipo. Anataka pia kuandika hadithi ndefu ya mlinzi wa daraja, isimuliwe na yeye mwenyewe mlinzi, si na mumewe.

“Elfi nimemjua,” anasema. “Sasa nataka nimjue mtu.”

Kabla ya hayo kuna gauni jipya. Mkewe ameshachagua kitambaa, rangi ya chungwa lililoiva, na Mama Vifungo ameshamaliza vifungo vyake: kumi, vya buluu kali, vimepangwa kwenye sahani ya bati kama mayai ya ndege wa msituni. Kitambaa kimetandazwa mezani. Chaki imefika kwenye mstari wa ubavu, ikasimama. Fundi anachukua simu na kupiga posta.

“Bibie, samahani, najua una wateja. Ubavuni niache akiba, au nisiache?”

Upande wa pili muhuri unagonga karatasi, mara moja, mara mbili.

“Acha kidogo,” sauti nene inajibu. “Ya kula vizuri. Siyo ya kungoja.”

Fundi anapima kidole kimoja, anachora mstari, na kukata.